RAKETI NI MKONO, SI BEI

Kuna jambo limeigawa timu yetu ya mpira wa vinyoya, yaani badmintoni, mapande mawili kama nazi, na mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Nanyi wasomaji wapendwa, hata kama hamjawahi kushika raketi, tafadhali msinikimbie. Haya ni mambo ya pesa, na pesa zenyewe ni za wazazi wetu sote.

Muhula huu wazazi na walimu walituchangia shilingi 30,000 tununue vifaa. Twashukuru sana. Lakini tangu siku ile hakuna amani uwanjani. Kundi la kwanza linasema tununue zile raketi za supamaketi, zile zinazouzwa mbili mbili ndani ya mfuko wa plastiki, ili kila mtu apate yake. Kundi la pili linasema la hasha, tutafute raketi moja ya fahari, ya shilingi 25,000, apewe nahodha wetu akatuletee kombe. Wa kwanza wanaitwa "wanyonge" na wa pili wanaitwa "mabwanyenye". Imefika mahali watu wanakaa mbali mbali hata wakati wa chakula cha mchana!

Mimi si mnyonge wala si bwanyenye. Rai yangu ni kwamba makundi yote mawili yanavutana kuhusu bei, wala hakuna aliyeuliza raketi inafanya kazi gani. Basi tuanzie hapo.

Sheria za Shirikisho la Badmintoni Duniani zinasema raketi isizidi milimita 680 kwa urefu na milimita 230 kwa upana. Sehemu yenye nyuzi isizidi milimita 280 kwa urefu na 220 kwa upana. Sheria haitaji uzito, na bei haitajwi kabisa. Mwamuzi hawezi kukutoa uwanjani ati kwa sababu raketi yako ni ya bei ya chini. Kwa hivyo yule anayedhani kuna raketi ya mashindano na raketi ya mchezo wa watoto, ajue kwamba sheria haina ubaguzi huo. Ubaguzi huo tumeuleta sisi wenyewe.

Hata hivyo, sitaki kuwadanganya kwamba raketi zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Zipo za chini ya shilingi 1,000 kwa jozi. Hizi nyingi ni za chuma, au kichwa ni cha alumini na ufito ni wa chuma. Zipo za kati, za shilingi 3,000 hadi 5,000 hivi kwa moja, ambazo zimetengenezwa kwa kaboni. Halafu zipo za fahari, ambazo bei yake inapita shilingi 20,000. Bei hizi nimeziona mwenyewe madukani hapa Mombasa, sikusimuliwa.

Chukua ile ya chuma uiweke mkononi. Uzito wake mara nyingi huzidi gramu 100. Ya kaboni huwa ni kama gramu 80 hadi 90. Utasema, aa, gramu 20 ni nini, si hata kipande cha sabuni! Lakini kumbuka mchezo huu ni wa kifundo cha mkono. Katika mchezo mmoja unarusha mkono mara mamia, na kila mara unataka kichwa cha raketi kifike kabla kinyoya hakijaanguka. Uzito mdogo ulio mwisho wa fimbo ndefu si mdogo tena. Jaribu kubeba ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooka, halafu uibebe ikiwa karibu na kifua, utanielewa.

Isitoshe, ile ya chuma kichwa na ufito wake vimeungwa kwa kiungo chenye umbo la herufi T, nacho kiungo hicho hulegea. Ukipiga, mtikisiko unapanda hadi kwenye kiwiko. Wenzangu wawili wa kidato cha pili walilalamika viwiko vikiuma, wakaambiwa ni uvivu. Si uvivu, jamani. Ni chuma.

Tena sisi ni watu wa pwani. Hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Baiskeli inaoza, mabati yanaoza, hata kitasa cha mlango wa darasa letu kimeoza. Seuze kijifito chembamba kilichopakwa rangi ya kung'aa! Raketi hizo zikikaa mwaka mmoja katika kabati lenye unyevu, utaona rangi inafura kama ngozi yenye upele, na chini yake kuna kutu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Raketi ya chuma ina sifa moja kubwa: inavumilia. Sisi tunachezea kwenye saruji, nje, si ndani ya ukumbi. Raketi ikianguka kwenye saruji, ya chuma inapinda kidogo, mtu anainyoosha, mchezo unaendelea. Ya kaboni inaweza kupata ufa. Tena katika mchezo wa wawili wawili, wenzi wasipoelewana raketi zao hugongana, na kaboni ikigongana na kaboni unasikia "ka!", pesa zimekwenda. Anayesema kaboni haina dosari hajawahi kusikia mlio huo.

Sasa tuje kwa mabwanyenye. Wao silaha yao ni mithali ya "rahisi ghali". Mithali hiyo ni ya kweli, siipingi. Kununua kibovu mara tatu ni kubaya kuliko kununua kizuri mara moja. Lakini mithali haikusema ghali ni rahisi! Haikusema kwamba kila chenye bei kubwa kitakufaa wewe. Kiatu namba 12 cha bei kubwa hakimfai mwenye mguu wa namba 6.

Raketi nyingi za fahari zimetengenezwa kwa ajili ya mchezaji mwenye mkono mwepesi kama umeme. Ufito wake ni mgumu, haupindi ovyo. Mtu mwenye kasi akiupiga unapinda kidogo na kurudi upesi, na hapo anapata nguvu na shabaha pamoja. Sisi ambao mkono bado ni wa kujifunza hatuna kasi ya kuupinda, basi tunapiga kama mtu anayepiga kwa mwiko. Anayeanza anahitaji ufito unaopinda kwa urahisi, umsaidie kukisukuma kinyoya hadi nyuma ya uwanja. Tena nyingine uzito wake umewekwa kichwani ili mkwaju uwe mzito. Mkono ambao haujakomaa unachoka mapema, na mpinzani akirudisha haraka, raketi inachelewa kuinuka.

Na nyuzi je? Wachezaji wakubwa hukaza nyuzi hadi ratili 28, wengine 30 na zaidi. Watu wengi hudhani nyuzi zikikazwa sana ndiyo nguvu. Sivyo. Fikirieni kitanda cha kamba. Kikilegea kidogo, mtoto akirukia anarushwa juu. Kikikazwa kama ubao, harushwi, na akianguka vibaya anaumia. Nyuzi za ratili 20 au 22 zinamsaidia mwanafunzi kwa kumrushia kinyoya, na pia zina nafasi kubwa katikati ya kupigia. Nyuzi za ratili 28 zinampa udhibiti yule ambaye tayari ana nguvu zake na hapigi pembeni. Sisi tunapiga pembeni, tuseme ukweli. Na nyuzi nyembamba zilizokazwa sana hukatika upesi. Nani atalipa kuziwamba kila zikikatika?

Mabwanyenye wananitajia yule Mhindi, Satwiksairaj Rankireddy, ambaye mnamo Aprili 2023 huko Japani alipiga kinyoya kikaenda kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa, akaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Ndiyo, raketi aliyoitumia ilikuwa ya hali ya juu. Lakini ichukueni raketi ile ile mkampe bawabu wa shule yetu, halafu tupime. Ile kasi ilikuwa begani, kiunoni na kifundoni mwa Rankireddy, katika miaka ya mazoezi. Raketi ilimfuata tu.

Nami ninaye Mhindi wangu wa kuwajibu. Prakash Padukone alikuwa bingwa wa mashindano ya All England mwaka wa 1980, ambayo kabla ya kuanzishwa kwa ubingwa rasmi wa dunia yalihesabiwa kama ndiyo ubingwa wa dunia usio rasmi. Alijifunzia mchezo katika ukumbi wa arusi mjini Bangalore. Siku ya arusi hakuna mazoezi, mnarudi nyumbani. Kwa hivyo wanaosema hatuwezi kufika popote kwa sababu hatuna vifaa vya kifalme, na watafute sababu nyingine.

Baada ya hayo, twendeni kwenye hesabu, maana mwalimu wetu wa hisabati hupenda kusema kwamba kelele bila hesabu ni ngoma. Uwanja wetu ni mmoja. Katika uwanja mmoja wanacheza watu wanne, basi. Tukifuata wanyonge, shilingi 30,000 zitanunua jozi 30, yaani raketi 60. Sitini! Wanne wanacheza, raketi 56 zinafanya nini? Zinashika kutu kabatini. Tukifuata mabwanyenye, raketi moja itakwenda na shilingi 25,000, zitabaki 5,000. Mmoja ana panga la vita na wenzake wana vijiko. Huyo nahodha atafanya mazoezi na nani? Mchezo huu haupigwi na ukuta. Ukitaka nahodha awe hodari, lazima kuwe na mtu wa upande wa pili anayeweza kumrudishia kinyoya.

Mimi nasema tununue raketi sita za kaboni, za shilingi 3,500 hivi kila moja, zenye ufito unaopinda kwa urahisi, zisizokuwa nzito kichwani. Hizo ni shilingi 21,000. Nne ziko uwanjani, mbili zinangoja, maana nyuzi zitakatika tu. Zinabaki shilingi 9,000. Hizo zisirudi kwenye raketi. Ziende kwenye vitu viwili ambavyo hakuna kundi lililovitaja: vinyoya na kuwamba nyuzi.

Kinyoya chenyewe ndicho mchezo. Kile cha manyoya halisi kina manyoya 16 ya bata na uzito wa gramu 5 hivi. Ni kitamu kupiga, lakini hakidumu, mikwaju michache mizito na manyoya yanavunjika. Tena kwetu ni nje. Wakati wa kusi ukirusha kinyoya kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu kinaangukia kwenye bomba la maji. Kwa mazoezi, vya nailoni vinatufaa. Vinadumu. Na mnunuzi aangalie ule utepe wa rangi kwenye kizibo. Kijani ni cha mwendo wa polepole, buluu ni cha kati, na nyekundu ni cha mbio. Mahali penye joto hewa huwa nyepesi na kinyoya hukimbia zaidi, basi sisi wa Mombasa hatuna haja ya chekundu. Raketi ya shilingi 25,000 na kinyoya kilichovunjika ni sawa na kalamu ya dhahabu isiyo na wino.

Nyuzi nazo hulegea zenyewe hata raketi ikilala. Raketi ya kati iliyowambwa vizuri na fundi, kwa ratili 21 au 22, itampiku aliye na raketi ya fahari yenye nyuzi zilizolegea kama wavu wa mvuvi. Hilo ndilo siri ambayo wenye maduka hawaitangazi, kwa sababu raketi ina faida kuliko uzi.

Kuna na njia ya mitumba, ambayo naona watu wanaionea haya bure. Kongowea huletwa marobota yenye vitu vya michezo kutoka ng'ambo, na humo mna raketi za kaboni zilizotumika. Mimi ninayochezea ni ya huko, mama aliikuta chini ya rundo la viatu, nyuzi zimekatika, akaipata kwa bei ya sukari kilo mbili. Ukienda, fanya hivi. Ishike mbele ya jicho kama bunduki uone kama ufito umenyooka. Pitisha kucha kuzunguka kichwa chote, na ukigusa ufa kwenye rangi, hasa karibu na tundu za nyuzi, iache. Itikise sikioni, ikilia ndani kama kayamba, iache. Pinda ufito kidogo, taratibu, usikie kama kuna mlio. Vile vipete vya plastiki kwenye tundu visikutie hofu, fundi huvibadilisha. Na kishikio kilichooza kwa jasho pia si neno, hufungwa utepe mpya.

Najua mtu ataniuliza, je, raketi ya fahari haina wakati wake? Ina wakati wake. Mchezaji anayekirusha kinyoya kutoka mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma wa mwenzake bila kujikamua, anayekata nyuzi kwa nguvu na siyo kwa kupiga pembeni, na ambaye anaweza kukueleza kwa maneno yake raketi aliyo nayo inamzuia kufanya nini, huyo amefika. Huyo akipata mfadhili, anunuliwe, nami nitampigia makofi. Lakini ukimwuliza mtu kwa nini anaitaka akakujibu "kwa sababu fulani wa televisheni anayo", hilo ni pambo.

Sasa nifike kwenye donda lenyewe. Sisi ni shule ya kutwa. Tunakuja asubuhi na tunarudi nyumbani jioni, na nyumbani kwetu kunajulikana. Kuna wanaovuka feri kila siku, kuna wanaotembea kuokoa nauli. Mwaka jana kulikuwa na msichana wa kidato cha kwanza aliyekuja mazoezini na raketi yake ya chuma. Alikuwa na jicho na miguu, nakwambia, huwezi kumdondoshea kinyoya mbele ya wavu. Siku ya tatu wakubwa fulani wakaanza kumcheka, "Huyo naye na raketi ya kupigia mbu!" Siku ya nne hakuja. Wala ya tano. Hadi leo, kengele ya saa kumi ikilia, yeye anapita kando ya uwanja akiwa ameinamisha kichwa, anakwenda zake nyumbani. Timu yetu ya wasichana msimu huo ilipungukiwa na mtu mmoja.

Hiyo ndiyo bei halisi, nayo haikuandikwa dukani. Tukinunua raketi moja ya fahari, tutakuwa tumeandika kwa herufi kubwa kwamba mchezo huu ni wa wenye nazo. Na kitu cha thamani kubwa shuleni nakijua mwisho wake: hutiwa kufuli. Mwenye ufunguo akienda semina, mchezo umekwisha. Kwa upande mwingine, tukinunua sitini za kuoza, tutakuwa tumewaambia kidato cha kwanza kwamba wao wanastahili takataka, ilmradi wanyamaze.

Kwa hivyo, kabla ya mkutano wa Ijumaa, naleta mapendekezo matatu, na katibu anaweza kuyanukuu hivi yalivyo. Kwanza, raketi sita za kati, za kaboni, na kila moja ipigwe namba. Pili, shilingi 9,000 zitengwe kwa vinyoya vya nailoni na fundi wa nyuzi, na mweka hazina atoe hesabu ubaoni kila mwezi. Tatu, kuwe na daftari la kuazima, ambalo mwanafunzi yeyote, hata wa kidato cha kwanza, ataandika jina lake na kucheza. Asiulizwe ana raketi gani kwao. Anayevunja kwa makusudi, alipe. Anayevunja kwa mchezo, tuseme pole na tuendelee.

Mabwanyenye, msinune. Wanyonge, msishangilie. Nyote ni ndugu zangu na kesho tutakuwa upande mmoja wa wavu. Na wewe dada wa kidato cha pili, ambaye mwaka jana ulichekwa, ukisoma ukurasa huu, jua kwamba raketi namba 6 itakungoja Jumatatu saa kumi. Njoo tu na viatu vyako.



Mwanachama, Kidato cha Tatu